Kwa nini uongo unaorudiwa humtikisa hata anayejua ukweli?

Mwalimu wa Mpakani (Busia)

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Nafundisha Kiswahili na maarifa ya jamii katika shule ya msingi iliyo karibu na mpaka wa Busia, upande wa Uganda, na nina swali ambalo limenisumbua kwa muda mrefu.

Kila wahudumu wa afya wanapokuja shuleni kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya virusi vya HPV, ambavyo husababisha kansa ya mlango wa kizazi, ujumbe uleule huanza kuzunguka katika makundi ya WhatsApp ya wazazi. Unadai kwamba chanjo hiyo inaharibu kizazi na kwamba msichana aliyechomwa sindano hiyo hatazaa. Mara jina la wilaya hubadilishwa, mara daktari asiye na jina huwekwa mwanzoni, mara sauti ya mwanamke anayelia huambatanishwa, lakini kiini hakibadiliki. Chanjo hii inatolewa nchi nzima tangu Novemba 2015. Ujumbe huo ukikanushwa hunyamaza kidogo, kisha hurudi.

Simshangai mzazi ambaye hakupata nafasi ya kusoma anapoogopa. Ninayemshangaa ni mwenzangu, mwalimu wa sayansi wa darasa la saba, anayewafundisha watoto mfumo wa uzazi, anayeelewa jinsi chanjo inavyofanya kazi, na ambaye safari iliyopita yeye mwenyewe aliwaeleza wazazi kwamba maneno yale ni uzushi. Safari hii, siku ya chanjo ilipofika, binti yake hakuonekana shuleni. Nilipomwuliza, hakunipa hoja yoyote mpya wala ushahidi wowote. Alisema tu, “Mwalimu, jambo hili limesemwa mno. Lisemwalo lipo.”

Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Je, kusikia jambo mara nyingi, bila ushahidi wowote kuongezwa, kunaweza kumbadilisha mtu anayejua kwamba si kweli? Na la pili: mkutano wa wazazi umekaribia, na mwalimu mkuu ameniachia dakika chache za kuzungumza. Nikiutaja uvumi huo mbele ya wazazi wote, je, sitakuwa nauongezea nguvu?

Bint wa Bombo (mkufunzi wa saikolojia)

Asalaam aleikum, Mwalimu. Jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, na jambo hili limepimwa kwa karibu nusu karne.

Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani, Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu sentensi 60 na kuwataka wapime kama ni za kweli au la. Zoezi hilo lilifanyika mara tatu, kila baada ya wiki mbili. Sentensi nyingi zilikuwa mpya kila safari, lakini 20 zilirudiwa, na kati ya hizo zilikuwemo za kweli na za uongo, kama ile iliyodai kwamba mpira wa kikapu uliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1925, ilhali uliingia mwaka 1936. Hakuna aliyewapa wanafunzi hao habari yoyote ya ziada kati ya safari moja na nyingine, na bado zile zilizorudiwa zilizidi kuonekana za kweli kadiri muda ulivyokwenda. Za uongo zilipanda sawasawa na za kweli.

Sababu yake ni kwamba jambo lililokwisha kupita akilini hueleweka upesi zaidi linapopita tena, na wepesi huo wa kuelewa tunauchukua kuwa dalili ya ukweli bila hata kutambua kwamba tumefanya hivyo. Tabia hii isiitwe ujinga. Katika sehemu kubwa ya maisha, mambo tunayoyasikia mara kwa mara ndiyo ya kweli, kwa hiyo kuamini kilichozoeleka hutusaidia mara nyingi kuliko kunavyotudhuru. Mgeni asiyekijua kijiji hufuata njia iliyokanyagwa zaidi, na kwa kawaida humfikisha kwa watu. Shida ni kwamba ng'ombe nao hukanyaga njia. Wepesi huo unaweza hata kutoka mahali pasipohusiana na maana yenyewe: Rolf Reber na Norbert Schwarz walionyesha mwaka 1999 kwamba sentensi iliyoandikwa kwa rangi inayosomeka vizuri ilihukumiwa kuwa ya kweli mara nyingi zaidi kuliko ile iliyoandikwa kwa rangi iliyofifia.

Sasa nije kwa mwenzako wa sayansi, maana hapa ndipo penye uzito. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kwamba kurudiwa humdanganya tu mtu asiyejua jibu. Mwaka 2015 Lisa Fazio na wenzake waliijaribu dhana hiyo kwa kutumia mambo ambayo washiriki wenyewe walikuwa wanayajua. Waliwapa, kwa mfano, sentensi inayosema kwamba sari ni jina la vazi fupi la kiunoni wanalovaa wanaume wa Scotland. Wapo waliojua vizuri kwamba vazi hilo huitwa kilt, na hata kwao sentensi ile ilipata nguvu ilipoonekana mara ya pili. Walikuwa na jibu sahihi akilini, ila hawakwenda kulichukua, kwa sababu hisia ya “hili nalifahamu” ilitangulia kufika. Kwa hiyo usifikiri mwenzako amesahau biolojia yake, wala usifikiri alikuwa anawadanganya wazazi safari iliyopita. Alichokijua bado anacho. Kilichobadilika ni jinsi sentensi ile ya uongo inavyosikika masikioni mwake: zamani ilikuwa ngeni na ikamshtua, leo imezoeleka na haimshtui.

Tena hakuhitaji kuisikia mara nyingi sana. Aumyo Hassan na Sarah Barber walichapisha mwaka 2021 majaribio ambamo sentensi zilirudiwa hadi mara 27. Imani iliendelea kupanda, lakini hatua kubwa kuliko zote ilikuwa kati ya mara ya kwanza na ya pili. Gordon Pennycook na wenzake, mwaka 2018, walitumia vichwa vya habari za uongo vilivyokuwa vimesambaa mtandaoni, wakakuta kwamba kukiona kichwa mara moja tu kulitosha kukifanya kiaminike zaidi baadaye, hata kilipokuwa kimebandikwa onyo kwamba wakaguzi wa habari wamekipinga. Katika majaribio yao mpaka ulionekana: madai ya upuuzi wa wazi kabisa, kama kwamba dunia ni mraba kamili, hayakupata faida yoyote kwa kurudiwa. Bahati mbaya uvumi wa kizazi hauko katika kundi hilo. Kizazi hakionekani kwa macho, na msichana wa miaka 10 atasubiri miaka mingi kabla mtu yeyote hajaona kama anazaa au la.

Swali lako la pili nitalirudia wengine wakishachangia. Kwa sasa niongeze hili tu: mwaka 2020 Nadia Brashier na wenzake waligundua kwamba mtu akitakiwa kupima ukweli wa sentensi pale pale anapokutana nayo kwa mara ya kwanza, kurudiwa kwake baadaye hakumyumbishi, ilimradi anao ujuzi unaohusika. Wanafunzi wako wa darasa la sita na la saba wanaweza kufundishwa tabia hiyo.

Sauti ya Elgon (Mbale)

Namshukuru dada yetu wa Bombo kwa maelezo hayo. Mimi ni mtangazaji wa redio, na ningependa tutazame jinsi urudiaji wenyewe unavyotokea, kwa kuwa mara nyingi hautoki kwa wadanganyifu.

Chukua kipindi cha wapiga simu cha saa moja. Mpiga simu wa kwanza anasema amesikia kwamba chanjo inaharibu kizazi. Mtangazaji, kwa nia njema kabisa, anawageukia wasikilizaji: “Mwenzetu anasema chanjo inaharibu kizazi, wewe unaonaje?” Wa pili anaanza kwa kuirudia sentensi hiyo kabla ya kuikubali, wa tatu anairudia kabla ya kuikataa, na mtangazaji anairudia tena kila baada ya tangazo la biashara ili aliyefungua redio sasa hivi asipotee. Daktari amekaa studioni tangu mwanzo, lakini anapewa nafasi dakika tano za mwisho, wakati akina mama wengi wameshaondoka redioni kwenda kuandaa chakula cha jioni. Hakuna aliyesema uongo kwa makusudi katika saa hiyo, na bado msikilizaji ameusikia uongo mara nyingi kuliko ukweli.

Baadaye maneno hayo hutoka redioni na kwenda senta. Ninyi nyote mnavijua bizindaalo, vile vipaza sauti vinavyofungwa juu ya mlingoti na kutangaza misiba, watoto waliopotea na dawa za mitishamba, asubuhi na jioni. Mtu mmoja mwenye kipaza sauti akilisema jambo siku nne mfululizo, jioni ya siku ya nne utasikia wakazi wakisema “watu wanasema”. Wako wataalamu waliolipima jambo hili: Kimberlee Weaver na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba maoni ya mtu mmoja yakirudiwa, msikilizaji huyachukua karibu kama maoni ya kundi zima. WhatsApp hufanya vilevile, kwa kuwa ujumbe mmoja ukikufikia kupitia shangazi, kanisa na wenzako wa kikundi cha akiba, unahesabu mashahidi watatu ilhali chanzo ni kimoja.

Wengine hudhani dawa ni kuufunga mtandao au kuutoza kodi, na tuliiona ile ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018, ambayo Rais aliitetea kwa kuulalamikia lugambo, yaani umbea. Lakini Radio Katwe, yaani uvumi wa mdomo kwa mdomo, ilikuwapo nchini humu kabla ya simu za mkononi, nayo haikuhitaji data.

Katika kipindi ninachokiendesha tuna utaratibu mmoja. Mtaalamu huzungumza kwanza, uvumi hutajwa mara moja tu na kwa ufupi, na baada ya hapo tukihitaji kuurejelea tunasema “dai lile” bila kulikariri. Mwalimu, mkutano wako ni redio ndogo. Amua mapema ni sentensi ipi wazazi wataondoka nayo kwa sababu ndiyo waliyoisikia mara nyingi.

Mama Kassanda (mhudumu wa afya wa kijiji)

Nimewasoma wote kwa heshima, lakini kuna upande ambao sioni ukitajwa, nami nimeishi nao.

Ebola ilipotangazwa Mubende tarehe 20 Septemba 2022, na baadaye kutufikia Kassanda, watu wengi walisema ni uchawi au ni sumu. Kama kurudia ndiko kunakojenga imani, basi ujumbe wa Wizara ya Afya ndio ungeshinda, kwa kuwa ulitangazwa redioni kutwa nzima, ulibandikwa ukutani, na magari yalipita nao barabarani. Uchawi ulisemwa kwa kunong'ona na bado uliaminiwa katika nyumba nyingi nilizopita. Hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 11 Januari 2023, wagonjwa 142 walikuwa wamethibitishwa kwa vipimo na 55 kati yao walikuwa wamefariki.

Nilichokiona ni kwamba watu hupima pia mdomo unaosema. Waliona wageni waliovaa mavazi meupe kutoka utosini hadi miguuni, wakimchukua ndugu yao kwa gari, kisha wakimzika bila jamaa kumwosha wala kumgusa. Hakuna aliyekaa nao chini ya mwembe kuwaeleza sababu kabla ya gari kufika. Pengo hilo lilijazwa na maelezo ambayo kijiji kilikuwa nayo tayari. Wazee wetu wanasimulia kwamba enzi za wakoloni ilivumishwa Kampala na kwingineko Afrika Mashariki kwamba wazimamoto hukamata watu usiku na kuwanyonya damu. Habari hiyo haikuwa kweli, lakini ilizungumza juu ya watawala waliochukua mambo mengi kwa watu bila kuwaeleza. Uvumi wa kizazi una mizizi ya namna hiyo. Mzazi anapoambiwa kwamba watoto watachomwa sindano Jumanne, na barua ya shule imefika Jumatatu jioni, huna haja ya kumtafuta mtu wa WhatsApp wa kumlaumu.

Kijijini kwangu mambo yalianza kubadilika pale waliopona walipoanza kurudi kutoka kituo cha matibabu wakiwa hai, wakiwa na majina yao na jamaa zao, na wakawaeleza majirani walichofanyiwa ndani. Mwalimu, kabla ya kupanga maneno yako, tafuta nani atakayeyasema.

Mwalimu wa Mpakani (Busia)

Nawashukuru sana. Mama Kassanda, umenigusa kuhusu barua ya Jumatatu jioni, kwa sababu ndivyo inavyokuwa hapa kwetu, na hilo nitalipeleka kwa mwalimu mkuu leo.

Nimeandika rasimu ya maneno ya mkutano, naomba mnikosolee bila kunionea haya: “Wazazi wapendwa, kuna uvumi mkubwa unaosambaa kwamba chanjo ya HPV inaharibu kizazi cha mabinti zetu. Wengi wenu mmesikia kwamba inaharibu kizazi. Napenda kuwahakikishia kwamba si kweli kwamba inaharibu kizazi. Serikali imethibitisha kwamba ni salama.”

Na swali moja dogo: wapo wazazi wanaonikiri kwamba hawauamini ujumbe ule, lakini wanautuma kwa wenzao hata hivyo. Hilo nalo linaelezwaje?

Bint wa Bombo (mkufunzi wa saikolojia)

Mama Kassanda amesema kweli, nami sioni mgongano. Kurudia huongeza kidogo kwa kila dai, la kweli na la uongo, lakini kila dai huanzia mahali pake. Ujumbe wa Wizara ulianzia chini sana katika nyumba zile kwa sababu ya aliyeubeba na namna alivyofika. Mnong'ono wa jirani ulianzia juu. Majaribio niliyoyataja hutumia sentensi zisizo na uadui wala ujamaa ndani yake, kwa hiyo yanatuonyesha nguvu moja ikiwa peke yake, na kijijini nguvu hiyo haipo peke yake kamwe.

Kuhusu wanaotuma wasichokiamini: Daniel Effron na Medha Raj walionyesha mwaka 2020 kwamba mtu aliyekwisha kukiona kichwa cha habari ya uongo huona si vibaya sana kukisambaza, hata anapojua wazi kwamba ni uongo. Mazoea huondoa ule mshtuko wa kimaadili unaomzuia mtu. Kwa hiyo mzazi huyo usimwulize kama anaamini. Mwulize kama angependa shangazi yake aamini.

Sasa rasimu yako. Sentensi tatu za mwanzo zimebeba maneno “inaharibu kizazi” mara tatu, na wiki kadhaa baadaye msikilizaji atakumbuka kwamba chanjo na kuharibika kizazi vilitajwa pamoja, huku lile “si kweli” likiwa limedondoka njiani. Hata hivyo usiogope kuutaja uvumi kabisa. Palikuwa na hofu kwamba kukanusha huongeza imani, lakini uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba jambo hilo hutokea kwa nadra, na kwamba kunyamaza kunauacha uongo peke yake uwanjani. Utaje mara moja, uueleze kasoro yake, na umpe mzazi kitu cha kuweka mahali pake. Ningeandika hivi:

“Chanjo ya HPV inalinda kizazi. Kansa ya mlango wa kizazi huua wanawake wengi wa Uganda kuliko kansa nyingine yoyote, na matibabu yake mara nyingi humlazimu mwanamke kuondolewa mfuko wa uzazi au kupigwa mionzi, mambo ambayo humnyima uwezo wa kuzaa. Aina mbili za virusi, ya 16 na ya 18, husababisha takribani asilimia 70 ya kansa hiyo, na chanjo huzizuia. Upo ujumbe unaodai kinyume. Hautaji daktari mwenye jina wala hospitali, na wilaya inayotajwa hubadilika kila unaporudi. Wasichana wa kwanza nchini walichanjwa Ibanda na Nakasongola mwaka 2008, na leo ni wanawake wazima, wapo wenye watoto. Chanjo hii inalinda kizazi.”

Sikuiweka Serikali mwishoni, kwa sababu ya yale aliyoyasema Mama Kassanda. Kama katika eneo lenu yupo mama kijana aliyechanjwa baada ya 2015 na sasa analea, mwombe kwa hiari yake azungumze kabla yako, na muuguzi wa kituo cha afya awepo kujibu maswali hadi yaishe, hata kama mkutano utachelewa kufungwa.

Mwenzako wa sayansi usimpe somo la biolojia, kwani analo. Kaeni wawili faraghani, umwulize ni kipi kati ya anavyovijua kilichobadilika tangu alipowaeleza wazazi safari iliyopita, kisha umwache ajibu kwa maneno yake mwenyewe bila kumharakisha. Na umjulishe kwamba binti yake halazimiki kusubiri wahudumu warudi shuleni. Ampeleke kituo cha afya siku ya chanjo, akiwa na kadi yake.